Biskuti za Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Novemba

Mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali ameniambia ninunue daftari. "Mzee, kila siku andika. Amekula nini, amelalaje, mkono umesogea au haujasogea. Mkija kliniki nitasoma." Mimi ni fundi bati. Miaka arobaini nimeandika vipimo tu, tena ukutani, kwa chaki. Lakini nimeahidi, na ahadi ni deni.

Mke wangu amerudi nyumbani leo baada ya wiki tano wodini. Kiharusi kimechukua upande wa kulia wote, mkono na mguu, kikachukua na maneno. Limebaki moja: "Basi." Ukimpa uji, basi. Ukimfunika shuka, basi. Daktari anasema hutokea hivyo, neno moja linabaki mdomoni na kujitokea lenyewe, si lazima awe analimaanisha. Kuelewa anaelewa yote. Kusema ndiko kumegoma.

Amekula: uji vijiko saba. Mkono: bado. Mvua tangu asubuhi.

Jumatano, 6 Novemba

Uji vijiko tisa. Mkono bado. Mvua.

Jumamosi, 9 Novemba

Binti yetu amekuja. Ni mwalimu, mtoto wetu wa pekee. Amekuja na gari la kukodi, dereva akabaki nje injini inanguruma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona gari halizimwi?"

"Nimekuja kumchukua Mama. Kwangu kuna chumba, na mchana kuna mtu nyumbani."

"Mke ana mume," nikamwambia. "Na mume hajafa."

"Tumuulize mwenyewe."

Nikamgeukia mke wangu. "Mama, unataka kuondoka nyumbani kwako?"

"Basi," akasema.

"Umesikia? Kasema basi. Yameisha."

Binti akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la mwenzake. Akamsuka mama yake nywele, akambusu paji la uso, akaondoka bila kugusa chai niliyomtengea. Huyu mtoto tangu akue hajawahi kumaliza sahani mezani kwangu. Kila mara ana haraka. Siku zote nilidhani ni usomi.

Mkono bado.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepata wazo. Kila mwisho wa mwaka mke wangu huoka biskuti za tangawizi na kuzigawa kama zawadi ya sikukuu. Vibati vya kukatia nilimtengenezea mimi mwaka wa kwanza wa ndoa: nyota, nyumba, mtu. Kingo nilizikunja zisimkate vidole. Mama wa mazoezi anasema mkono mzima ukipewa kazi, mgonjwa hupata moyo.

Nimeshusha daftari lake la mapishi kutoka juu ya kabati. Ukurasa wa mwisho ana orodha ya watu tisa. Fundi viatu, muuza magazeti, Mama Redio jirani yetu (jina la utani, na halikumkosa), wengine hivyo hivyo. Wanane nawajua. Wa tisa ameandikwa: "Sista, geti la bluu, nyuma ya zahanati." Huyo simjui.

Nikamwambia, "Mwaka huu nitaoka mimi. Wewe utapamba."

Akaniangalia muda mrefu. "Basi."

Ijumaa, 15 Novemba

Unga wa ngano, siagi, sukari, asali, tangawizi ya unga, mdalasini, karafuu, magadi kijiko kimoja. Nikajisemea, mtu aliyekunja bati maisha yake yote, unga utamshinda nini? Umenishinda. Mara unanata kama lami, mara unapasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipoinua kifimbo cha kusukumia nimwonyeshe mke wangu jinsi ulivyonata, akajikunyata kwenye kiti, mkono mzima mbele ya uso. Baridi, nadhani. Nimefunga dirisha.

Trei ya kwanza imetoka nyeusi. Mama Redio akafuata moshi mpaka jikoni. "Baba wee, hizi si biskuti, ni vigae. Ezekea banda la kuku."

"Sina kuku."

"Na hutapata, ukiwalisha hizi."

Uji nusu kikombe. Mkono wa kulia bado. Wa kushoto una nguvu kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 17 Novemba

Trei mbili. Moja ya kulika. Mvua imeingia jikoni, nimetega beseni.

Jumatano, 20 Novemba

Siri ni kuuacha unga upumzike mahali pa baridi kabla ya kuusukuma. Imeandikwa kwenye daftari lake tangu zamani, nilikuwa naruka huo mstari. Leo zimetoka rangi ya ngozi ya kiatu kipya, nyumba nzima ikanukia tangawizi na karafuu.

Nimepiga ute wa yai na sukari ya kusaga mpaka ukasimama, nikaujaza kwenye koni ya karatasi, nikamshikisha mkono wa kushoto. Za kwanza zilikuwa kama kuku ameparura. Ya kumi ilikuwa na kola na vifungo. Alifanya kazi mpaka jasho likamtoka puani. Watu wake wote amewapa macho, hakuna hata mmoja aliyempa mdomo. Nikamwambia, "Umesahau midomo." Akaendelea tu.

Nikiwa namtazama nimeona kitu ambacho katika miaka thelathini na sita sikukiona: kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimepinda, hakilingani na vingine. Si kiharusi, ni jambo la zamani. Nimeandika hapa ili nimuulize mama wa mazoezi.

Jumatatu, 25 Novemba

Siku mbaya.

Tangu asubuhi mvua inapiga paa kama mtu anayemwaga misumari. Mimi mwenyewe niliezeka paa hili, na linavuja sehemu tatu. Gesi iliisha trei ikiwa ndani, nikaenda kubadilisha mtungi, nikarudi nimelowa. Mezani kulikuwa na biskuti arobaini zilizokwisha kupambwa, zinasubiri kukauka. Kazi ya siku tatu. Wakati naingia alikuwa ananyoosha mkono kuchukua koni, kiwiko kikapiga bakuli la sukari. Likamwagika lote, likafunika nyumba na nyota na watu, likachuruzika mpaka sakafuni.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka kwamba mkono wangu ulikuwa juu.

Safari hii hakujikinga. Alifumba macho, akaanza: "Basi, basi, basi, basi." Kwa sauti ndogo, upesi upesi, kama mtu anayehesabu.

Sikumpiga. Naandika hapa, na mama wa mazoezi asome: sikumpiga. Nilishusha mkono nikachukua kitambaa nikafuta meza. Nimefuta mpaka mbao zikaanza kutoa nyuzi, na yeye muda wote amefumba macho. Miaka kumi na moja sijamgusa mtu. Kabla ya hapo ilikuwa mara mbili katika maisha yetu yote, na nyumba gani haina mara mbili? Mimi si mlevi. Sijawahi kulala nje. Hajawahi kukosa unga ndani.

Daktari alisema si lazima awe analimaanisha hilo neno. Lakini leo lilikuwa na maana. Nimewahi kulisikia likisemwa hivyo hivyo, upesi upesi. Nilijaribu kukumbuka ni lini. Halafu nikaacha kujaribu.

Jumanne, 26 Novemba

Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 28 Novemba

Hajala. Mvua.

Jumapili, 1 Desemba

Amekula kwa mkono wa Mama Redio, si kwa wangu. Bakuli zima. Mama Redio hakutania leo. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akafungua mdomo, akaufunga, akaenda zake. Mtu huyo nimekuwa jirani naye miaka ishirini, sijawahi kumwona akimeza neno.

Mkono wa kulia: kidole gumba kimesogea kidogo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeoka upya na amepamba upya. Sikusimama karibu yake, nilikaa sebuleni mpaka akamaliza. Leo mvua imepungua, nikampa Mama Redio boksi lake, akabaki na mgonjwa, nikapanga mengine manane kwenye kikapu, nikaenda kugawa.

Fundi viatu alipokea kwa mikono miwili, akauliza hali ya mgonjwa, akainama tena kwenye soli yake bila kuniambia nikae. Muuza magazeti vivyo hivyo. Nilidhani watu wana kazi nyingi. Mama wa duka la vitambaa alisema, "Mpe pole. Mpe pole sana," akanitazama mikono. Tangu hapo nikaanza kuhesabu: watu saba, na hakuna aliyenikaribisha ndani.

Geti la bluu nikalifikia mwisho. Kibarazani alikuwepo mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Hodi hapa."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza mimi ni mume wa nani. Mikono ikasimama juu ya maharagwe.

"Ndiye wewe," akasema. Hakuwa anauliza.

Akafungua boksi, akainua biskuti moja ya mtu, akaisogeza kwenye mwanga. "Mkono wa kushoto huu."

"Ndiyo. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa."

"Wa kulia ndio niliomfunga mimi. Mfupa wa mbele, na kidole."

"Alianguka bafuni," nikasema. Neno lilinitoka haraka, tayari tayari, kama lilikuwa limekaa mlangoni linangoja kuitwa.

"Mzee, nimekuwa muuguzi miaka thelathini na tatu. Mtu akianguka bafuni habaki na alama za vidole shingoni."

Ningeweza kuondoka. Miguu ilikuwa inataka. Badala yake nikauliza, "Alikuja mara ngapi?"

"Zamu yangu, mara saba. Zamu za wenzangu sijui."

"Mimi nakumbuka mbili."

"Ndiyo," akasema Sista. "Nyie huwa mnakumbuka mbili."

Hakupandisha sauti. Akaendelea kuchambua, akatupa punje mbovu nje kwenye matope. Akaniambia kwamba siku moja, wakati anamfunga mbavu, alimuuliza: kwani huwa humwambii aache? Mke wangu akamjibu, "Namwambia. Nasema basi, basi, basi, mpaka achoke."

Hapo nikakaa chini. Kwenye ngazi, palipolowa, nikakaa tu. Niliiona ile jikoni ya nyumba yetu ya kwanza. Nilimwona amejikunja kati ya kabati na ukuta. Nilisikia sauti. Haikuwa mara mbili, wala saba. Zilikuja moja baada ya nyingine kama watu wanaotoka kwenye jengo, kila ukidhani ni wa mwisho anatokea mwingine. Sababu zake sikuziona. Nilizitafuta pale pale kwenye ngazi, nikapata moja tu: chumvi.

Baadaye nikauliza, "Kwa nini alikuwa anakuletea biskuti?"

"Sikuwahi kumuuliza. Nadhani alitaka angalau mara moja kwa mwaka aje hapa akiwa mzima."

Alikataa kunipa mkono wa kwaheri. Boksi alilichukua.

Ijumaa, 6 Desemba

Uji kikombe. Amelishwa na Mama Redio. Nimeomba mimi.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemuuliza. Niliweka kiti mbali, karibu na mlango, nikakaa mikono juu ya magoti aione.

"Nataka kukuuliza jambo, na neno lako silitaki, limenidanganya. Au mimi ndiye nililidanganya. Ukitaka kwenda kwa mtoto, inua mkono wa kushoto. Ukitaka kubaki—"

Mkono ulikuwa juu kabla sijamaliza.

Nikasema labda hajaelewa. Nikageuza swali: ukitaka kubaki hapa nyumbani kwako, na mimi, inua mkono. Mkono ukashuka, ukatulia mapajani. Nikageuza tena: kwenda kwa mtoto? Ukapanda. Nilimuuliza mara tano. Mara tano. Mara ya mwisho mkono ulikuwa unatetemeka kwa kuchoka, naye akaubakiza juu, ananitazama machoni. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama hivyo bila kuangalia kwanza mikono yangu iko wapi.

"Nimeelewa," nikasema. "Nitampigia simu."

Jumatatu, 9 Desemba

Sijapiga simu. Mvua kubwa, mtandao unakatika.

Jumanne, 10 Desemba

Sijapiga. Mtandao ulikuwepo.

Jumatano, 11 Desemba

Nimeoka trei moja, sijui ya nani. Nimempikia mtori wa ndizi, nimefua shuka, nimeziba tundu mbili za paa. Nimefanya yote kwa upole, nikawa namtazama kama ameona. Nilipogundua ninachofanya nikatoka nje nikasimama mvuani.

Sijapiga simu.

Alhamisi, 12 Desemba

Asubuhi nilipompelekea chai aliinua mkono wa kushoto. Sikuwa nimeuliza kitu. Aliuinua tu, akasubiri.

Nimepiga simu. "Njoo umchukue mama yako." Binti akasema, "Umemfanya nini?"

Ndicho kitu cha kwanza alichouliza.

Jumamosi, 14 Desemba

Amekuja saa nne asubuhi na gari lile lile. Safari hii dereva alizima injini. Nguo nilikuwa nimezikunja tangu jana: kanga, sweta mbili, viatu vya wazi kwa sababu mguu umevimba. Dawa nimeziandikia saa zake. Daftari la mapishi na vibati nimeviweka kwenye mfuko wa peke yake. Binti alikagua kila kitu kama mtu anayepokea mzigo kwa asiyemwamini.

Tulipobaki wawili jikoni nikamuuliza, "Wewe ulijua?"

"Baba." Akaweka mfuko chini. "Nilikuwa chini ya hiyo meza."

Nikaitazama meza. Nilikuwa nimesukumia unga hapo mwezi mzima.

"Niliacha," nikasema. "Miaka kumi na moja sasa. Mungu ni shahidi wangu."

"Uliacha goti lilipoharibika. Hukuweza tena kumfuata akikimbia." Alisema bila hasira, kama anavyosahihisha hesabu ubaoni. "Mama alinikataza nisiseme. Alisema, baba yako anakupenda, usimharibie. Ndoa yangu nusura ivunjike kwa sababu mume wangu akiinua mkono kuchukua chumvi kwenye rafu, mimi nainama. Mtu wa watu, hajui hata kugombana. Naona aibu mbele yake."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usianze na mimi. Mimi sikuvunjwa mfupa."

Wakamwingiza mke wangu garini, binti na dereva. Nilisubiri wamkalishe vizuri, kisha nikaenda dirishani. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri, nimeyapima kama bati kabla ya kukata. Yakabaki mawili: "Nisamehe, mama."

Akanitazama. Midomo ilisogea. Nikainama nisikie, hata kama ni lile lile. Halikutoka. Neno moja tu alilobaki nalo duniani, na hilo hakunipa. Akageuza uso kwa binti, binti akapandisha kioo.

Mama Redio alikuwa kwenye uzio wake. Aliliaga gari mpaka likakata kona, akaingia ndani akafunga mlango.

Jumatatu, 16 Desemba

Hakuna mgonjwa. Sijui niandike nini.

Alhamisi, 19 Desemba

Mama wa mazoezi amepiga simu. Nimemwambia mgonjwa amehamia kwa binti yake. "Vizuri. Na mkono je?" Nimemjibu sijui.

Jumapili, 22 Desemba

Jua la kwanza tangu mwezi uliopita. Nimesafisha oveni.

Siku ya sikukuu

Asubuhi nimevaa shati jeupe nikachukua boksi moja la biskuti, za ile trei niliyooka nisijue ya nani. Nimezipamba mwenyewe, mistari tu, sijui kuchora. Sikuwa nimeitwa. Nilijiambia sitakaa, nitawapa heri ya sikukuu, nitamwona kwa macho nirudi.

Binti anakaa ghorofa ya tatu. Goti likaniuma kila ngazi. Nilipofika mlangoni nikasimama kwanza nivute pumzi, na hapo nikasikia ndani mtu anacheka.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka mitano, alikuwa anasema, "Bibi, hapana! Umempa macho matatu! Mtu hana macho matatu!" Na yule mtu akacheka tena, kicheko kizito cha tumboni, kinachokatika na kuanza upya kama mtu anayejaribu kunyamaza akashindwa. Nilifikiri ni mgeni, mama mkwe wa binti, jirani labda. Nilisimama nikisikiliza kwa muda kabla sijajua ni mke wangu.

Miaka thelathini na sita. Nilirudi nyuma mwaka kwa mwaka nikikitafuta kicheko hicho nyumbani kwetu, na sikukipata.

"Bibi, na mdomo wake uko wapi? Mpe mdomo. Ehee! Sasa huyu anaweza kuongea."

"Basi!" akasema mke wangu, na wote wakacheka, na binti yangu miongoni mwao.

Mkono wangu ulikuwa umeshakunjwa kubisha hodi. Niliutazama. Nikaukunjua.

Mlango wa pili ukafunguka, mama mmoja akatoka na ndoo ya nguo za kuanika. Akaniona nimesimama na boksi, shati limelowa jasho.

"Heri ya sikukuu, baba. Umewakosa?"

"Hapana," nikamjibu. "Nimewakuta."